Kumzoesha Karani Kuachwa

Kwako mdogo wangu Filimbi,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na wanao, na yule mjukuu uliyesema ameanza kusimama kwa kushika viti. Goti lako linaendeleaje? Natumaini ile dawa ya kuchua imekusaidia, na kwamba umeacha kupanda ngazi na ndoo kichwani kama msichana. Mimi kwa ada ningeandika hapa kwamba ni mzima wa afya na hofu yangu ni juu yako tu. Lakini sentensi hiyo mimi nawe tumeandikiana mara nyingi mno, hata imechakaa kama kizingiti. Niiache kwanza. Nitairudia mbele.

Barua yako nimeipata. Umeniuliza umenikosea nini. Umesema zamani nilikuwa nikikupigia simu kila Ijumaa bila kukosa, kisha ikawa Ijumaa moja ndiyo moja siyo, na sasa mwezi unakatika sijakupigia, na ukinipigia wewe napokea kwa ufupi kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Umeuliza kama nimekuchoka. Swali lako ni la haki na nitalijibu. Nimechagua kulijibu kwa barua kwa sababu kwenye simu wewe hukatiza, nami nikikatizwa hupotea njia. Nivumilie, maana ili nifike huko lazima nianze na mbwa.

Ndiyo, mbwa. Cheka kwanza, umalize. Mimi niliyekuwa nikizunguka mtaa mzima tukiwa wadogo ili nisipite mbele ya mbwa wa muuza mkaa, leo uzeeni nafuga. Tangu wifi yako atangulie, nyumba hii ilikuwa haina sauti isipokuwa ya birika na ya bomba linalovuja. Fundi saa wa barabarani kwetu, ambaye hurekebisha saa za watu wote na mwenyewe hajawahi kufika popote kwa wakati, akaamua kwamba dawa yangu ni kiumbe kinachopumua. Jike lake lilikuwa limezaa. Akaniletea mmoja ndani ya kikapu, mdogo, ziwa la mama halijamtoka mdomoni, akanihakikishia kwamba huyu hali sana. Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Akaleta na kizimba cha waya, akasema mbwa hukipenda kizimba chake kama mtu apendavyo chumba chake. Huo sikujua kama ni uongo au la.

Nimemwita Karani. Akikaa nyuma ya nyavu zile na kunitazama, hana tofauti na karani wa posta anayengoja ujaze fomu upya.

Siku ya kwanza nilifanya kila kosa linalowezekana. Nilimtia ndani, nikafunga komeo, nikaenda kununua mkate. Sijafika hata chini ya ngazi nikamsikia. Si kubweka, Filimbi. Ni mluzi mwembamba, mrefu, unaopanda halafu unakatika kama uzi. Nikarudi mbio nikamfungulia, nikambeba, nikampa pole nyingi. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, ila mluzi ulikuwa mrefu zaidi, maana alikwisha jifunza kwamba ukilia mlango hufunguka. Sikujua kwamba mwalimu wake ni mimi.

Chini yangu anaishi mwokaji mikate. Huyu hufanya kazi watu wakilala na hulala watu wakipiga kelele, na kwa hiyo ana hasira iliyoiva vizuri. Mwanzo aligonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Kisha akapanda mwenyewe, mtu mkubwa, unga umemkaa kwenye nyusi. Adabu anayo, akaniamkia shikamoo, na nilipoitikia tu akauliza huyo ni mbwa au ni king'ora cha zimamoto. Nikamwambia ni mtoto, atazoea. Akasema hata yeye aliwahi kuwa mtoto, na alipolia alipigwa. Naye mwenye nyumba, ambaye hupenda kutoa hukumu akiwa ngazini ili jengo zima lisikie, akatamka kwamba mwezi ukiisha na kelele hazijaisha, mbwa aondoke. Na kama mbwa haoni njia ya kuondoka peke yake, basi asindikizwe na mwenyewe.

Nikampeleka Karani kwa daktari wa wanyama. Ni binti mmoja mkavu, chumba chake kinanuka dawa na manyoya yaliyolowa. Hakumpima mbwa. Alinipima mimi. Akaniambia nimwoneshe, pale pale, jinsi ninavyotoka nyumbani. Nikaona haya, lakini nikainama mbele ya meza na kusema kama nisemavyo kila siku: Karani, baba, natoka kidogo, nakwenda dukani hapo, sikai, narudi sasa hivi, usiwe na wasiwasi, umesikia? Haya, baki salama. Sikuwa nimemaliza, mbwa yuko mezani anatetemeka na ule mluzi unamtoka. Wala sikuwa nimepiga hatua.

Yule binti alicheka mpaka akavua miwani. "Babu," akasema, "unamuaga kama unakwenda vitani. Huyu hajui dukani wala hajui sasa hivi. Anachojua ni kwamba ukianza hotuba hiyo, ataachwa."

Wewe unajua hotuba ile nimeitoa wapi. Kwetu mtu hakuondoka bila kuaga. Hata ukienda msalani ulisema naja. Unakumbuka baba aliwahi kurudi kutoka njiapanda, na mzigo begani, kwa kuwa alipoaga bibi alikuwa anapiga chafya na pengine hakusikia? Nimeishi ugenini miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu, lugha za watu nimejifunza, vyakula vyao nimezoea, lakini kuondoka mbele ya kiumbe hai bila kumuaga kulikuwa kunanishinda. Daktari akasema ndiko nianzie.

Akanipa masharti. Kizimba kisiwe jela: nikiache wazi mchana kutwa, chakula aletewe humo, nitandike fulana yangu niliyokwisha kuivaa, nitupie shuka juu kiwe kama pango. Funguo na viatu vyangu vipoteze maana: funguo nizishike, viatu nivivae na kuvivua, bila kwenda popote. Kisha nitoke na kurudi, nitoke na kurudi, kwanza kwa muda wa kuvuta pumzi tu, halafu wa kuchemsha chai, halafu wa kushuka na taka. Kila mara nirudi kabla hofu haijamshika. Nikitoka nisiseme neno. Nikirudi nisimkumbatie, nivue koti kana kwamba nilikuwa chumba cha pili. Akilia, nisifungue katikati ya kilio. Ningoje hata kituo kidogo, ndipo nifungue.

Basi nikawa kichekesho. Nilitembea na funguo nyumbani siku nzima zikilia kiunoni, mpaka mwokaji akaniuliza kama nimeajiriwa gerezani. Nilikula nimevaa viatu na kofia. Nilitoka na kuingia mlango wangu kama mwizi asiyeamua. Karani alinitazama mwanzo kwa hofu, baadaye kwa shaka, na mwisho kwa ule uchovu ambao makarani wote huwa nao kwa wazee wasumbufu. Akaanza kuingia kizimbani kwa hiari yake, akiburuza fulana yangu pembeni na kuikunja kwa mdomo. Mguu wa kiti cha wifi yako ameula, lakini hilo tumesameheana.

Sasa nisikilize vizuri, Filimbi, maana hapa ndipo barua inapogeuka.

Siku moja nilikuwa nimesimama nje ya mlango wangu mwenyewe, nimeegemea ukuta wenye ukungu, nimebana pumzi nikisikiliza kama analia. Ndani kimya. Nikajikuta natabasamu, na tabasamu lile likanikauka usoni, kwa sababu nilimkumbuka mama.

Wewe ulikuwa mdogo, hukuyaona kwa mpangilio. Mimi niliyaona na sikuyaelewa mpaka siku ile. Kabla hatujaondoka kwetu, mama alianza kututuma kwa shangazi. Mwanzo tulipeleka ungo tu, tukala cha mchana, tukarudi. Kisha tukaambiwa tulale. Usiku ule ulilia mpaka shangazi akasema mtoto huyu ana filimbi kooni, na ndilo jina tulilokupa tangu hapo. Asubuhi mama akaja. Ulimrukia miguuni, naye hakukuinua. Aliulizia ungo wake, akasema haya twendeni, kama mtu aliyetokea chumba cha pili. Baada ya hapo tukalala mara mbili mfululizo. Kisha tukakaa juma zima. Kila mara mama alitufikisha mlangoni kwa shangazi, na tulipogeuka alikuwa hayupo. Mama huyo huyo ambaye nyumba yake ilikuwa na sheria moja tu, kwamba watu huagana! Na kila mara alirudi kutuchukua, na kila mara wewe ulilia kidogo kuliko mara iliyopita. Mwisho ukawa hulii. Shangazi akakusifu.

Ndipo ikaja ile asubuhi ya gari la mizigo. Shangazi na mumewe, waliokuwa wakihama nasi, wako mbele, sisi juu ya magunia. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anasugua sufuria, tunasikia mchanga ukikwaruza. Hakutoka. Bibi alikuwa kitandani hawezi hata kugeuka, baba hayupo tena, na mtu wa kubaki naye alikuwa mmoja tu. Tuliambiwa atafuata. Maisha yako yote umelisema neno moja, na umelisema hata siku tuliyoletewa habari ya msiba wake: hata mlangoni hakutoka. Nami nilikuwa nikikujibu kwamba alikuwa na kazi.

Sufuria ile ilikuwa safi, Filimbi. Niliisugua mimi mwenyewe jana yake.

Hakukosa mapenzi. Alikuwa akituzoesha. Hakwenda kwa daktari yeyote, lakini alijua kwamba akitokea mlangoni, filimbi yako ingelia, na ikilia angefungua. Hilo nilitaka ulijue kabla ya mengine yote, maana umelibeba muda mrefu na halikuwa lako.

Na sasa nairudia ile sentensi niliyoiacha juu. Mimi si mzima.

Ilianza na kukosa hamu ya chakula, nikasema ni uzee. Nikaenda hospitali kuchukua majibu siku ambayo Karani alikuwa amekwisha weza kungoja kwa muda wa kusoma gazeti zima. Nilidhani nitawahi. Wakanituma chumba hiki, wakanituma chumba kile, na daktari, huyu wa watu, akanieleza kwa upole kwamba kuna kitu kimeota kwenye ini, kimekwisha kusambaa, na kwamba kwa umri wangu wanachoweza kufanya ni kunipunguzia maumivu. Nilimshukuru. Niliporudi jua lilikuwa linazama. Mwokaji alikuwa amekaa ngazini mbele ya mlango wangu, nguo za kazi amekwisha vaa, anaongea na mbwa kupitia tundu la ufunguo. Ndani kizimba kilikuwa kimesogea mpaka katikati ya chumba kwa kusukumwa, na Karani alikuwa amejichubua pua kwenye waya mpaka damu. Niliketi sakafuni. Masharti ya daktari niliyatupa, nikamkumbatia.

Mwokaji hakuuliza mengi. Alinitazama usoni, akaenda jikoni kwangu, akachemsha maji. Nikamwambia. Akasema jambo la kwanza lililomjia, kwamba mbwa je? Nikamwambia ndilo ninalowaza. Akasema angemchukua, ila yeye hutoka kazini kunapokucha, na mbwa asiyeweza kukaa peke yake usiku kucha atamtesa na kujitesa. Akajikuna nyusi, unga ukadondoka. Akasema basi mzee, umzoeshe.

Tukaanza upya, kwa muda wa kuvuta pumzi. Pua ilipona. Taratibu tukafika tulipokuwa, tukapapita. Siku ya kwanza ya ukimya mtupu mwokaji alipanda mbio na kugonga mlango kwa ngumi, amevaa shati kinyume. Alikuwa ameshindwa kulala kwa ukimya akidhani nimekufa. Mwezi ukaisha, mwenye nyumba akasimama ngazini na kulitangazia jengo kwamba kumbe inawezekana. Juzi tumekishusha kizimba chini kwa mwokaji, na fulana yangu ndani yake. Hapa kimeacha alama ya miguu minne sakafuni. Ninapoandika, Karani yuko chini ya miguu yangu, ng'ambo ya saruji, peke yake. Nimetega sikio. Halii.

Na hapa ndipo lilipo jibu la swali lako.

Nilipotoka hospitali siku ile niliwaza juu ya watu wawili tu, Karani nawe. Nawe nilikufanyia nililomfanyia yeye. Nilianza kuzitenganisha Ijumaa. Kwanza nikaruka moja, nikapiga iliyofuata kana kwamba hakuna jambo. Kisha nikaruka mbili. Ulipolalamika sikukubembeleza, nikazungumza habari za mvua. Umeona kwamba siku hizi simu hukatika kabla hatujaagana, ukadhani ni mtandao? Haikuwa mtandao. Ni mimi nilikuwa nakata. Nilisema moyoni kwamba nikikuzoesha kidogo kidogo, siku ile ikija hutashtuka. Itakuwa Ijumaa nyingine tu niliyoiruka. Nilijiona mwenye busara. Nilijiona mtoto wa mama yangu.

Barua yako imeniumbua. Umeandika kwamba Ijumaa hiyo ya mwisho uliweka simu juu ya meza, ukageuza kiti ili uuone mlango. Wewe hujawahi kula umeupa mlango mgongo tangu lile gari la mizigo, sijui kama unajijua. Nikasoma mstari ule, na kalamu yangu ya kusahihishia maandishi ya watu, iliyokaa drooni miaka yote hii tangu nistaafu, ingeuwekea alama pembeni. Kwa sababu kosa liko wazi. Karani hanyamazi kwa kuwa amezoea kuachwa. Ananyamaza kwa kuwa kila nilipotoka, nilirudi. Hiyo ndiyo dawa nzima, mengine yote ni shuka na fulana. Mama alitufundisha kwamba anayetoka hurudi, akijua yeye harudi. Akatunyamazisha kwa upendo, nasi tukangoja miaka hamsini. Mimi nimekuwa nikikufundisha somo lile lile, nami pia sirudi.

Basi naacha. Nisamehe hizo Ijumaa. Nimekuibia zilizo zako, na nilizobaki nazo si nyingi.

Kama goti linakubali na wanao wakikuruhusu, njoo. Usingoje niseme nimezidiwa. Kitanda cha wifi yako kipo, nimeanika godoro. Njoo ulie kwa sauti yako yote, hapa hapa, mbele yangu, wala sitangoja kituo ndipo nifungue mlango. Nimemwambia mwokaji kwamba dada yangu akija kutakuwa na kelele za mchana, na kelele zake mbwa haoni ndani. Amesema kwa huyo ataweka pamba masikioni. Na kama huwezi kuja, basi Ijumaa hii nitapiga, na inayofuata, na inayofuata, hadi mkono utakaposhindwa kushika simu. Na kila mara nitaaga mpaka utachoka, kama baba na mzigo wake njiapanda.

Wasalimie wanao, mmoja mmoja kwa jina lake. Mbusu huyo anayeshika viti, umwambie ana babu mwingine. Mwokaji anakusalimu, ingawa hamjuani. Karani hasalimu mtu, yuko kazini.

Filimbi, naondoka. Si leo, lakini naondoka, na sirudi. Nimelisema nikiwa nimesimama mlangoni, uso wangu kwako, na sisugui sufuria yoyote. Baki salama, mdogo wangu. Umesikia?

Ni mimi kaka yako,
Bwana Nukta